Maswali ya Wasomaji: Daktari Blackburn, Masanduku ya Nguo na Milango ya Gereza

Katika toleo lililopita tulieleza homa ya manjano kwa kifupi, na tukamtaja kwa sentensi moja Dkt. Luke Pryor Blackburn wa Kentucky, Marekani: mganga aliyeupata ugavana mwaka 1879 huku akiandamwa na tuhuma za kutaka kueneza ugonjwa uleule aliosifika kwa kuuzuia. Sentensi moja haikuwatosha wasomaji. Tumechagua barua saba.

Mhariri, mlisema mtu huyu alikuwa daktari, mtuhumiwa na gavana. Naomba wasifu wake kwa mpangilio, maana nilidhani mmechanganya watu watatu. (Msomaji, Mwanza)

Hatukuchanganya. Alizaliwa tarehe 16 Juni 1816 katika kaunti ya Woodford, Kentucky. Alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Transylvania, mjini Lexington, mwaka 1835, kabla hajatimiza miaka 19. Mwaka huohuo kipindupindu kiliingia mji wa Versailles wa hapohapo Kentucky, naye akabaki kuwahudumia wagonjwa. Mwaka 1843 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Wawakilishi la jimbo kwa tiketi ya chama cha Whig, akakaa kipindi kimoja tu. Hiyo ndiyo siasa yake ya kwanza, na haina mengi.

Jina lake lilianza kuvuma alipohamia Natchez, bandari iliyo kando ya mto Mississippi. Mwaka 1848, homa ya manjano ilipowaka New Orleans, yeye akiwa mkuu wa afya wa Natchez aliufunga mji kwa karantini, na homa haikuingia. Baadaye alihamia New Orleans kwenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 alikuwa upande wa Kusini, yaani upande uliojitenga ili kuulinda utumwa, na wakubwa wa upande huo wakamtuma Canada kutafuta mahitaji ya vita. Mwaka 1864 alikwenda Bermuda kusaidia katika mlipuko wa homa ya manjano, na safari hiyo ndiyo iliyozaa kesi ya Toronto ya mwaka 1865.

Alirudi Marekani mwaka 1867, akalima Arkansas kwa miaka michache, kisha akarejea Kentucky. Tangu hapo kila homa ya manjano ilipolipuka alifunga safari: Memphis mwaka 1873, Fernandina ya Florida mwaka 1877, Hickman ya Kentucky mwaka 1878. Hickman ndiyo iliyompa ugavana. Alikuwa ametangaza nia mapema mwaka huo, na wengi hawakumdhania. Alipotoka kwenye mji ule wa wagonjwa tayari alikuwa shujaa wa jimbo zima. Mwaka uliofuata alimshinda Walter Evans wa Republican kwa kura zaidi ya 125,000 dhidi ya karibu 82,000, akaapishwa tarehe 2 Septemba 1879. Alikuwa tabibu wa kwanza kuwa gavana wa Kentucky. Wa pili, Ernie Fletcher, alichaguliwa mwaka 2003.

Nafanya kazi bandarini. Nataka kujua karantini ya zama zile ilifanywaje hasa, na iliwezaje kufaulu wakati hawakujua kwamba mbu ndiye mwenezaji. (Msomaji, Tanga)

Swali zuri kuliko yote tuliyopokea, maana hapo ndipo alipo Blackburn mzima.

Yeye na wenzake wengi waliamini kwamba ugonjwa husafiri ndani ya vitu: nguo, matandiko, shehena, na hewa iliyofungiwa ngamani, yaani chini tumboni mwa chombo. Kwa hiyo kazi ilikwenda hivi. Chombo kilisimamishwa mbali na mji, hakikuruhusiwa kutia nanga gatini. Daktari alipanda, akauliza bandari ya mwisho na idadi ya watu walioondoka nayo, akahesabu waliopo, akawatazama macho, ulimi na ngozi. Wagonjwa walishushwa kwenye hospitali iliyo nje ya mji. Natchez, Blackburn alianzisha kwa fedha zake hospitali ya mabaharia wa mtoni. Ngama ikafunguliwa, maji machafu ya chini yakapigwa pampu, matandiko yakaanikwa au kuchomwa, salfa ikafukizwa milango ikiwa imefungwa. Kisha zikahesabiwa siku za kungoja.

Sasa linganisha na tunayoyajua leo. Mtu aliyeumwa na mbu mwenye virusi huanza kuugua baada ya siku 3 hadi 6. Mbu aliyemnyonya mgonjwa hawezi kuambukiza papo hapo. Virusi huhitaji takriban siku 10 hadi 12 kukomaa ndani yake, na pungufu kidogo kwenye joto kali. Naye mbu huyo, Aedes aegypti, si mrukaji wa mbali: maisha yake mengi huyamalizia ndani ya mita mia chache kutoka alipozaliwa. Kwa hiyo meli iliyosimama mbali na nyumba ilimnyima mbu njia. Siku za kungoja ziliwafichua waliokuwa na ugonjwa unaochipuka. Na moshi wa salfa katika ngama iliyofungwa uliwaua mbu wazima. Walilenga nguo, wakampata mbu.

Palipovuja ni pale ambapo imani yao haikufika. Mapipa ya maji ya kunywa hayakuguswa, maana nani angeshuku maji safi? Na humo ndimo viluwiluwi walimojaa. Mayai ya mbu huyu huganda kwenye ukingo wa chombo, hustahimili ukavu kwa miezi, na huanguliwa maji yakiyafikia. Na palikuwa na wafanyabiashara: kila siku moja ya karantini ni ndizi zinazooza na mshahara wa mabaharia unaokwenda bure, ndiyo maana siku zilipunguzwa mara kwa mara kwa shinikizo lao.

Mfano mbaya kuliko yote ni wa mwaka 1878. Meli Emily B. Souder kutoka Havana ilifukizwa kwenye kituo cha karantini chini ya New Orleans, ikaruhusiwa kupita, na siku chache baadaye karani wake akafa mjini. Tishari zikapandisha homa hiyo mtoni. Watu wapatao 20,000 walikufa katika bonde la Mississippi, zaidi ya 5,000 kati yao Memphis peke yake. Kilichoisimamisha ni baridi ya vuli iliyowaua mbu, salfa haikuweza.

Blackburn alielewa mapema kwamba mji mmoja hauwezi kujilinda peke yake. Natchez iko juu ya New Orleans; kuufunga mlango wako wakati lango la mto li wazi ni kuchota maji kwa pakacha. Alikwenda kuwabembeleza wabunge wa Louisiana wajenge kituo cha kudumu chini ya New Orleans, na sheria ikapita mwaka 1855. Mwaka 1878 alitoa onyo lilelile huko Louisville, Kentucky, wenzake wakalipuuza kwa hoja kwamba homa ya manjano haiwezi kuenea kaskazini kiasi hicho. Hickman iko ndani ya Kentucky hiyohiyo.

Naishi Toronto, na nimesikia kesi yake ilisikilizwa hapa. Je, alifanya kweli, na kwa nini aliachiliwa? (Msomaji, Toronto)

Tutenganishe maswali hayo mawili, kwani mahakama ilijibu moja tu.

Madai yalikuwa haya: Bermuda, mwaka 1864, daktari alikusanya nguo na matandiko ya waliokufa kwa homa ya manjano, akayapakia kwenye masanduku, akayasafirisha hadi Halifax. Huko wakala aitwaye Godfrey Joseph Hyams alipaswa kuyapeleka kwenye miji iliyokuwa mikononi mwa jeshi la Kaskazini, zikitajwa Washington, Norfolk na New Bern, yauzwe kwa mnada. Palikuwa pia na begi la mashati mazuri la kumpelekea Rais Lincoln kama zawadi. Hyams alisema hilo alikataa kulibeba.

Udhaifu wa ushahidi ni huyo Hyams. Alikuwa ameahidiwa malipo makubwa, hakulipwa, na tarehe 12 Aprili 1865 akaingia ubalozi mdogo wa Marekani hapo Toronto kuuza habari. Siku mbili baadaye Lincoln akapigwa risasi, na tuhuma zote za namna hiyo zikawa moto. Shahidi aliyedhulumiwa fedha, anayelipwa na upande wa pili na kuahidiwa kutoshtakiwa, si wa kuaminiwa peke yake. Lakini hakuwa peke yake: Bermuda nako yalipatikana masanduku ya nguo chafu kwa mtu aliyeyahifadhi mjini St. George's, na mashahidi wa huko walieleza namna daktari alivyoyakusanya. Vyanzo viwili vilivyo mbali vikisema jambo moja, uzito unabadilika. Sisi tunaona hatia ya nia ina nguvu kuliko utetezi. Yeye mwenyewe, magazeti ya Republican yalipoyafufua hayo wakati wa kampeni ya 1879, alinyamaza.

Mahakama haikuulizwa hayo. Shtaka lilikuwa kuvunja sheria ya kutofungamana, kwa sababu Canada ilikuwa chini ya Uingereza, na Uingereza haikuwa upande wowote vitani. Ilibidi ithibitike kwamba kosa lilitendeka ndani ya mipaka ya Canada. Hapo kumbuka jambo ambalo wakazi wa Toronto wa leo husahau: mwaka 1865 Halifax haikuwa Canada. Nova Scotia ilikuwa koloni jingine, likaungana na Canada mwaka 1867. Masanduku yalitoka Bermuda yakashukia Halifax. Ardhi ya Canada hayakuigusa. Akaachiliwa Oktoba 1865. Kwao Marekani bado alitakiwa, ndiyo maana alikaa Canada hadi 1867, alipomwandikia Rais Andrew Johnson kuomba ruhusa ya kwenda kusaidia homa ya manjano ya Kusini. Hakungoja jibu, akaondoka.

Tunauza mitumba. Mama mmoja sokoni amesoma toleo lenu na sasa anasema nguo kutoka nje zinaleta homa ya manjano. Tumjibu nini? (Msomaji, Nakuru)

Mwambieni mama alale salama, haziileti. Jambo hili lilipimwa kwa njia ambayo leo isingeruhusiwa. Mwishoni mwa 1900, karibu na Havana, tume ya Walter Reed, daktari wa jeshi la Marekani, ilijenga kibanda cha mbao cha futi 14 kwa 20, madirisha yamezibwa kwa wavu, ikaingiza masanduku ya shuka, foronya na mavazi yaliyochafuliwa kwa matapishi, damu na choo cha wagonjwa. Vijana wasiowahi kuugua waliyafungua masanduku hayo, wakayakung'uta, wakalalia shuka zile. Kundi la kwanza la watu 3 lilikaa usiku 20. Baada yao wakaja wengine, jumla yao 7. Hakuna aliyeugua hata mmoja. Jirani yake palikuwa na nyumba safi kabisa, imegawanywa kwa wavu katikati, upande mmoja wakaachiwa mbu waliokwisha kuwanyonya wagonjwa; John Moran aliyeingia upande huo aliugua siku ya Krismasi, waliolala ng'ambo ya wavu walibaki wazima.

Aliyemtaja mbu kwanza alikuwa Carlos Finlay, daktari wa Cuba, Agosti 1881. Wakati huo Blackburn alikuwa gavana. Karibu hakuna aliyemsikiliza Finlay kwa miaka 19.

Wala msimcheke Blackburn kwa kuamini nguo. Ndui iliweza kupita kwenye blanketi na shuka, kila tabibu alilijua hilo, na wao walidhani homa ya manjano ni ya ukoo uleule. Ndiyo kusema masanduku ya 1864 hayakuweza kumuua mtu yeyote. New Bern ilipata mlipuko mkali kweli mwaka huo, na lawama zikaangukia nguo, lakini walioletwa na meli ni mbu na wagonjwa. Mtu aliyekusudia kuua kwa silaha isiyoua, mwenyewe akiamini inaua, ni kazi kwa wanafalsafa. Mimi ningemwita mkosaji.

Alikuwa akiwatibu vipi? Kuna dawa aliyokuwa nayo? (Muuguzi, Dodoma)

Hakuwa nayo, na sisi hatuna. Hadi leo homa ya manjano haina dawa ya kuua virusi vyake. Wagonjwa wengi hupata homa, maumivu ya mgongo na kutapika kwa siku 3 au 4, kisha hupona. Hatari ni ile nafuu ya siku moja inayodanganya: karibu 15 kati ya 100 huingia awamu ya pili, macho yakageuka manjano, fizi zikavuja damu, matapishi yakawa meusi kwa damu iliyosagika tumboni. Nusu ya hao hufa. Kinachookoa ni kumlaza mgonjwa, kumpa maji, kuangalia mkojo wake na kumweka ndani ya chandarua hata mchana, kwa kuwa mbu huyu huuma mchana na siku za mwanzo ndipo damu ya mgonjwa inapoambukiza mbu. Aspirini na ibuprofeni marufuku. Huongeza kuvuja damu. Parasetamoli kwa kipimo cha kawaida na kwa uangalizi, kwani ini tayari limeumia.

Kilichomfanya Blackburn awe wa maana Hickman ni mpangilio: nani yuko nyumba gani, nani anamlisha, nani anazika.

Wazee wetu walitaja "kidingapopo". Ndiyo hiyo homa ya manjano? Na kadi ya njano ya chanjo hudumu muda gani? (Msomaji, Unguja)

Siyo. Dkt. James Christie, aliyekuwa akitibu Unguja miaka ileile, aliandika kuhusu mlipuko wa 1870 na kwamba watu waliuita kidingapopo, wakakumbuka mwingine wa 1823. Kwa dalili za viungo kukakamaa, wataalamu wanagombana kama ilikuwa dengi au chikungunya. Mbu wa yote hayo ni huyohuyo mwenye madoa meupe miguuni, anayezaa kwenye ndoo, matairi na vyungu vya maua, na ndiye aliyeisumbua Dar es Salaam kwa dengi mwaka 2014 na 2019.

Kadi: huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu tarehe 11 Julai 2016 ni ya maisha, hata zile zilizoandikwa miaka 10. Ukichanjwa leo ukasafiri keshokutwa, afisa wa uwanja wa ndege ana haki ya kukuzuia.

Huku kwetu gavana hana uwezo wa kumfungulia mfungwa. Kweli huyu alifungua zaidi ya elfu? (Msomaji, Kisumu)

Kweli. Kenya, msamaha ni wa Rais kwa ushauri wa kamati, chini ya Ibara ya 133. Tanzania ni wa Rais, Ibara ya 45. Marekani kila jimbo lina sheria zake za jinai na magereza yake, na katika Kentucky ya wakati ule kalamu ya msamaha alikuwa nayo gavana peke yake.

Gereza la jimbo lilikuwa Frankfort, mji mkuu. Blackburn aliingia akakuta karibu watu 1,000 katika vyumba 780, na upana wa chumba haukufika mita moja na robo. Palikuwa na unyevu, mifereji mibovu, nimonia. Kwa daktari aliyeamini kwamba hewa iliyofungiwa inaua, hilo lilikuwa ngama ya meli iliyojaa wagonjwa, na dawa ya ngama aliijua: fungua milango. Safari hii imani yake na sayansi ziliafikiana, kwa kuwa nimonia na kifua kikuu hupenda msongamano.

Alianza na wagonjwa mahututi wakafie kwao, kisha akaendelea hadi wauaji. Mwisho wa kipindi walikuwa wamepita 1,000. Magazeti yakambandika jina la "Luke Mpole", na hawakumaanisha sifa.

Msamaha ulikuwa wa kununua muda tu. Kiini cha tatizo kilikuwa mfumo wa kukodisha gereza: mtu binafsi aliilipa serikali kodi, akachukua faida ya kazi za wafungwa, na yeye ndiye aliyewalisha. Kila sahani aliyopunguza ilikuwa fedha mfukoni mwake. Mwaka 1880 bunge la jimbo lilikubali kuuondoa mfumo huo pale gerezani na kuweka mkuu wa gereza anayelipwa mshahara. Lakini sheria za wakati huo ziliruhusu pia nguvu kazi ya wafungwa ikodishwe kwa wakandarasi nje ya kuta, hivyo waliobaki Frankfort walipungua wakapata nafasi ya kupumua, ilhali wengine walikwenda kuteseka kwenye kazi za reli. Hilo wasifuo mageuzi yake hulipita haraka. Gereza la pili alilolipigania, lile la Eddyville kando ya mto Cumberland, lilianza kujengwa mwaka 1884, yeye akiwa amekwisha kutoka. Pia alipata mahakama mpya ya rufaa ya majaji 3 mwaka 1882 ili kupunguza mlundikano wa kesi, na akapandisha kodi ya mali, jambo ambalo halikumwongezea marafiki.

Katiba haikumruhusu kugombea tena mfululizo. Kwenye mkutano mkuu wa chama chake cha Democratic mwaka 1883 alisimama kutetea misamaha yake, wajumbe wakamzomea. Alirudi kwenye udaktari mjini Louisville, akafariki Frankfort tarehe 14 Septemba 1887.

Jimbo lilimjengea mnara kaburini mwaka 1891, umechongwa Msamaria Mwema akimwinamia majeruhi. Masanduku ya Bermuda hayakuchongwa. Na huko Lexington, tangu 1972, liko gereza lenye jina lake.